Kanga Kutoka Fundo

Tarehe tatu ya Mfunguo Tano, mwaka 1934, mama yangu alifariki kisiwani Fundo. Mie nilikuwa Konde kwa mume, na mimba ya miezi mitatu. Habari ilinifikia kesho yake adhuhuri. Nikapanda gari mpaka Wete, nikapata mashua, na nilipoingia nyumbani wanaume walikuwa wamesharudi makaburini, wanaosha miguu. Sikumwona. Sitayarefusha haya, kwa sababu ninayotaka kuyaandika ni ya kuchekesha. Yalitokea mwaka ule ule, mie nikiwa bado na msiba, na sitasema uongo kwamba sikucheka.

Mama alikuwa mtu wa kuyachunguza maneno. Alinambia neno kanga lina watoto wengi, na mama yao ni yule ndege wa porini mwenye madoa meupe. Kanga ya kuvaa ilipewa jina lake, alisema, kwa kuwa zile za zamani zilikuwa na madoa kama ya ndege. Kuku mwenye madoa naye huitwa wa kanga. Wanawake wakizidisha makelele huambiwa wamekuwa kanga. Siku moja tunapika, nikamwonesha kanga ya mnazi, yaani kile kikonyo cha kichala kinachobaki nazi zikishapukutishwa, tulichokuwa tukikitia jikoni badala ya kuni. Nikamuuliza, na huyu madoa yake yako wapi? Akakigeuza, akakitazama juu na chini, kisha akakisukuma motoni.

“Huyu mtoto wa nje,” akasema.

Fundo kuna mapori ya mawe ambamo kanga hulala, na mama alinifundisha kuokota mayai yao tangu mdogo. Ni mayai yenye ganda gumu, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, hayana urembo wowote. Alinifundisha pia kumjua jike na dume, maana kwa macho huwezi, wote sare moja. Jike hulia kwa maneno mawili, la pili limepanda juu. Dume hukata moja tu, moja, moja, kama mtu anayegonga bati. Na alinifundisha methali ambayo kila mtu anaijua, kwamba kanga hazai ugenini.

Methali hiyo kwetu ilikuwa kama sheria. Mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Ikitimia miezi saba, watu wa kwenu huja kukuchukua, ukajifungulie kwenye kitanda chenu, ukae siku zako arubaini, ndipo urudi kwa mume na mtoto mkononi. Mie nilikuwa nikiihesabu hiyo safari tangu nilipojijua ni mja mzito. Sasa mama hayupo. Nyumba ya Fundo amebaki bibi yangu, mama wa mama, peke yake.

Tuliporudi kutoka hitima ya arubaini, mkwe wangu aliniita jikoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, hawezi kukaa bila ya kushika kitu. Akanambia kwa upole, huku akichambua mchele, kwamba mama yangu Mungu amrehemu, na bibi yangu mtu mzima, macho hayaoni vizuri, basi nitajifungua pale pale Konde na yeye ndiye atakayekuwa mama yangu. Alisema kwa mapenzi, nalijua hilo. Tangu niolewe sijapata kumjibu mkwe wangu neno la kukataa, na siku ile neno likatoka lenyewe.

“Mama, kanga hazai ugenini.”

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Nje ya mlango alikuwa amekaa bamkwe, mume wake, anasokota kamba ya usumba. Mzee yule alikuwa mkulima wa mikarafuu michache na muhogo, lakini maneno yake yote yalikuwa ya mahakamani. Akauliza kutoka huko huko nje: nani aliyeyaona hayo? Watu wanasema kanga hazai ugenini, baba zao walisema, na babu zao, lakini nani aliyemchukua kanga akampeleka ugenini akamngojea?

“Basi na aletwe,” mkwe wangu akasema. “Akitaga hapa uwanjani kwangu, mtoto atazaliwa hapa.”

“Na asipotaga?” bamkwe akauliza.

“Asipotaga, na aende zake kwao.”

Bamkwe akaweka kamba chini na kutoa masharti. Ndege awe wa Fundo, kwa kuwa mke wa mtoto wetu ni wa Fundo, kanga wa pori la Konde si mgeni Konde. Asichanganywe na kuku. Muda ni mpaka siku atakayokuja bibi yangu kunichukua. Akaniuliza kama nimeridhika. Nikasema nimeridhika. Nililisema mbele ya mume wangu pia, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na uzi begani, hajui kinachokubaliwa ni nini.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja pale Konde. Wanawake wakinunua kanga, yeye huzikata doti na kuzipinda. Aliposikia kwamba anatakiwa aende Fundo kwa ajili ya kanga, alijibu kwamba kanga ziko tele dukani. Mama yake akamwambia anayetakiwa ni mwenye miguu. Alikwenda, kwa vile alikuwa pia na sadaka ya kumpelekea bibi, na siku ya pili akarudi na ndege ndani ya tenga, amemnunua kwa mtu wa mitego. Njia nzima ndani ya gari la Wete, alisema, abiria walikuwa wakimuuliza kama anakwenda kuoa.

Tukamkata mbawa, tukamfunga mguu kwa kamba ndefu kwenye mti wa mstafeli uani. Kuanzia siku ile nyumba yetu haikuwa na adabu tena.

Mkwe wangu alimtengenezea kiota cha majani makavu, akakiona kigumu, akamwekea cha usumba. Alimpa mtama, alimpa mchwa, alimpa wali. Akamfukizia udi, kanga akapiga chafya. Akawa anamsemesha asubuhi na jioni, tena kwa kuiga maneno ya kwetu Fundo ili ndege asijione mgeni, na kuiga kwenyewe alikuwa hajui, akivuta kila neno kama mtu anayekokota wavu wa jarife. Mie nikikuna nazi nyuma yake ilinibidi niinamie mbuzi nisionekane. Siku moja nilishindwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akageuka akaniona, akaanza kucheka yeye. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mfunguo Tano. Nilipomaliza nikaona haya, nikaenda kunawa uso.

Majirani nao walikuja kumtazama kila siku, na kila mmoja na dawa yake. Mmoja alisema ndege anataka faragha, akatundikiwa kanga kuukuu kama pazia, naye akaing'oa kwa mdomo na kulala juu yake. Mwengine alisema ndege amepigwa kijicho. Ikafika mkwe wangu kuagiza kapu la mchanga wa pwani ya Fundo, akaumwaga chini ya mstafeli. Bamkwe alipotoka kuswali alasiri akauona.

“Mchanga huu wa wapi?”

“Mchanga tu.”

“Una chaza. Uwanja wetu hauna chaza.” Akamwamuru auzoe wote, kwa sababu ndege akitaga juu ya mchanga wa kwao atakuwa hakutaga ugenini, na itakuwa hakuna kilichothibitika. Mkwe wangu akauzoa huku ananung'unika kwamba ameolewa na kadhi asiye na mshahara. Nusu ya mchanga aliuficha chini ya majani. Niliuona, na nilinyamaza.

Sasa niseme na langu, kwa sababu sikulisema mapema nilipopaswa kulisema. Siku ya tatu tangu kanga aje, nilikuwa naanika nguo, akapanda juu ya kinu akalia. Nilisimama na nguo mkononi. Alikata neno moja. Nikangoja. Moja tena. Nikasema labda ana hofu, atalia vizuri akizoea. Nikamsikiliza wiki nzima, asubuhi, mchana na magharibi. Moja, moja, moja, kama mtu anayegonga bati. Alikuwa dume. Angekaa pale mpaka kiama asingetaga, wala kwa udi, wala kwa mchanga, na mie ningekwenda Fundo kwa haki isiyokuwa haki. Nililijua hilo na nikafunga mdomo. Mkwe wangu akimpa wali, mie nikimtazama. Alikuwa akiacha wa kwake mwenyewe kumpa yule ndege. Nilikuwa nikijiambia kwamba masharti aliyatoa bamkwe na hakuna aliyeniuliza ndege ni jike au dume. Ni kweli hakuna aliyeniuliza.

Mfunguo Tisa ukaingia, mimba ikatimia miezi saba. Bibi akatuma salamu kwamba anakuja Alhamisi.

Jumatano asubuhi nilisikia vigelegele uani. Nilitoka, nikamkuta mkwe wangu amepiga magoti kwenye kiota na majirani watatu wameshaingia kwa mlango wa nyuma. Katika kiganja chake kulikuwa na yai. Lilikuwa na madoa meusi, mviringo mviringo, yamepangwa safu kwa safu vizuri kabisa, kama kanga iliyotoka dukani. Majirani wakasema Mungu mkubwa. Mmoja akasema kanga akiwa na madoa, yai litakosaje? Nao wote walikuwa watu wa mjini Konde, watu wa sokoni, hakuna aliyepata kuokota yai la kanga maisha yake. Bamkwe alikuja akalitazama bila ya kuligusa, akasema, basi, limethibiti.

Mkwe wangu akanitazama mie. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alikuwa kama anayeomba.

Nilikuwa nimesimama pale na ukweli wote, na siwezi kuutoa hata nusu. Nikisema yai ni la uongo, wataniuliza nimejuaje. Nikijibu kwamba ndege ni dume, wataniuliza nimejua lini. Nikasema Alhamdulillahi, nikarudi jikoni. Siku ile mchuzi niliutia chumvi mara mbili, na wote waliula bila ya kunena.

Bibi aliwasili Alhamisi adhuhuri kwa gari la Wete, mfupi, kavu, fimbo mkononi, jasho linamtiririka. Bibi yangu hajapata kuniita mjukuu. Kwa kuwa marehemu babu alikuwa akiniita mke wake mdogo, yeye huniita mke mwenza, na aliingia uani kwa sauti akiuliza yuko wapi huyo mke mwenza aliyemnyang'anya mume na tumbo akalipata pengine. Majirani walikuwa wameshajaa wanamngoja. Wakamkalisha kwenye mkeka, wakampa maji ya dafu, na kabla hajamaliza kunywa mkwe wangu akamletea yai ndani ya kibia cha udongo. Akamweleza mapatano yetu yote, kwa haraka, bila ya kupumua.

Bibi akalichukua yai. Akaliviringisha kiganjani, huku na huku, kwa kuwa macho yake yalikuwa hafifu na huona kwa vidole. Kiganja kilikuwa na jasho. Alipolirudisha kwenye kibia, yai lilikuwa jeupe upande mmoja, na vidole vyake vimekuwa vyeusi. Akavinusa. Akafumba jicho la kulia, akajipaka kwa kidole, akafumba la kushoto, akajipaka, kisha akageuza uso huku na huku ili majirani wamwone vizuri.

“Kanga wa Konde wana makuu,” akasema. “Wanataga na wanja wao.”

Sijapata kusikia kicheko kama kile. Mwanamke mmoja aliangukia kinu. Mwengine alitoka mbio akashikilia ukuta wa choo. Mume wangu, aliyeacha cherehani kuja kumlaki bibi, akatazama ndege, akatazama yai, akatazama kope za bibi, akakaa chini kwenye vumbi na nguo zake safi. Hata bamkwe alitoa kofia akajifunika nayo mdomo, na mabega yakawa yanapanda na kushuka.

Mkwe wangu alikuwa amejifunika uso kwa kanga yake. Tulidhani naye anacheka, mpaka vicheko vikapungua tukasikia.

“Mie nilizaa mara moja tu, mwanamume,” akasema ndani ya nguo. “Sina binti. Sijapata kumpokea mtoto kwa mikono hii hata siku moja. Nilitaka huyu.”

Kanga juu ya kinu akalia, moja, moja. Bibi akainua kichwa, akasikiliza, nikaona kwamba amejua. Alikuwa anafungua mdomo. Nikamtangulia.

“Mama,” nikasema, “huyo ndege ni dume. Nimelijua tangu siku ya tatu. Nilinyamaza kwa kuwa nilitaka kwenda kwetu.”

Mkwe wangu akashusha kanga usoni. Wanja wake, ule ule aliopakia yai, ulikuwa umemwenea mashavuni kwa machozi.

“Wali wote ule,” akasema. “Nimempa dume.”

Na akaanza yeye kucheka, kilio hakijesha, na mie nikamfuata, mikono yangu imeshika tumbo kwa sababu mtoto naye alikuwa akirukaruka. Bamkwe alingoja mpaka tukamaliza. Akatoa hukumu kwamba mmoja kapaka yai na mwengine kafunga mdomo, wadai wote wawili ni wezi, kesi imevunjika, na mila ibaki pale ilipokuwa. Niende Fundo. Bibi akamgeukia mkwe wangu, akamwambia nyumba yake ina vitanda viwili na mlango haujawahi kumkataa mtu, kama anataka kupokea mtoto kwa mikono yake, na afunge nguo zake. Si jambo la kawaida mkwe kufuata mzazi kwao, lakini mkwe wangu alikuwa ameshaingia ndani kutafuta mkoba.

Yule kanga tulimchinja siku ile ile. Tulimla kwa wali wa nazi, na nyama yake ilikuwa ngumu.

Fundo, wazee wale wawili, bibi na mkwe wangu, hawakukubaliana kwa jambo lolote, kuanzia pilipili manga ya kwenye uji mpaka upande wa kuelekeza kitanda. Nililala katikati yao karibu miezi miwili, nikisikiliza. Nilijifungua mwezi wa Shaabani, siku ya mvua, baina ya adhuhuri na alasiri. Bibi alikaa kichwani kwangu akinishika mabega, na ulipofika wakati akamwambia mwenzake maneno mawili tu: haya, pokea. Mkwe wangu akapokea. Alikuwa mtoto wa kike. Bibi akafungua kasha, akatoa kanga za mama zilizochakaa, laini, akazipasua vipande vya kumviringishia mtoto. Mlio wa kupasuka ule nilishindwa kuuvumilia, nikalia, na wao wakaniacha nilie wakaendelea na kazi.

Siku ya tano mkwe wangu akakaa ukingoni mwa kitanda changu. Alikuwa hashiki kitu mikononi. Akasema mtoto kazaliwa kwetu, sawa, lakini mtu kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake. Akaniomba kitovu kikianguka nimpe, akakizike Konde, chini ya mnazi mchanga uliopo mlangoni. Bibi aliposikia akatoka jikoni anafoka kwamba vitovu vya watu wote wa nyumba hii vimezikwa hapa, cha mama yangu, na changu. Wakanitazama wote wawili. Nilimtazama mtoto, nikasema apewe. Bibi akarudi jikoni na kukoroga chungu kwa nguvu.

Kitovu kilianguka kesho yake baada ya alfajiri. Mkwe wangu alikifunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo matatu, akambusu mtoto, akanibusu mie, na hakutaka kungoja hata chai. Mashua ya Wete ilikuwa inaondoka. Mie nilikuwa ndani sitoki, kwa hiyo haya ya mwisho sikuyaona kwa macho yangu, nilielezwa na bibi, aliyemsindikiza.

Alisema maji yalikuwa yamekupwa na mashua iko mbali kidogo, ikabidi mkwe wangu aingie majini mpaka mapajani. Baharia akamnyoshea mkono ampandishe. Hakuutoa wake. Mkono mmoja alikuwa ameshika pindo, na wa pili ameufunika mkono ule wa kwanza. Baharia akamwambia, mama, nipe mkono. Akasema sina mkono. Mwisho mabaharia wawili walishuka wakambeba kama gunia la karafuu, wakamtia chomboni, naye njia nzima anawaambia wasimtikise.

Bibi alinieleza hayo akiwa amesimama mlangoni, nguo zake zimelowa mpaka magotini, anacheka mpaka ameshika mhimili. Kisha akaja kukaa kitandani, akafuta macho, akaniuliza kama mtoto ameshanyonya. Nikamwambia bado. Akamwinua, akanipa.